Kilichobaki ni Majina

Nje ya mji wa Nachingwea kuna mahali panaitwa Farm 17. Neno la kwanza ni Kiingereza, la pili ni namba tu, na hakuna hata moja kati ya hayo lililotungwa na Wamwera wenye nchi. Hata hivyo jina hilo limekaa midomoni mwa watu tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipokuja kulima karanga na kuyapa mashamba yao namba, kama mtu anayehesabu magunia ghalani. Karanga zikashindikana, Waingereza wakafunga virago, namba ikabaki. Mwaka 1965 wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakaingia katika shamba hilo na kuligeuza kambi yao kuu ya mafunzo ya kijeshi, jina hawakuligusa. Miaka kumi baadaye nao wakaenda zao kushika serikali ya Msumbiji, na jina likabaki kwa mara ya pili. Leo mtu akimwambia utingo amshushe Farm 17, anakuwa amezitaja himaya mbili, moja ya Waingereza iliyokuwa na njaa ya mafuta ya kula na nyingine ya Wareno iliyopigwa vita mpaka ikaanguka, kisha analipa nauli na kushuka.

Nimeanza na jina hilo kwa sababu nataka kuzungumzia makumbusho, na kwa maoni yangu makumbusho ya jamii katika nchi ya Lionja, Nachingwea na Ruangwa yanapaswa kuanzia hapo: kwenye majina, njia za zamani, nyimbo na ushahidi wa watu, kabla hata ya mtu kuchora ramani ya jengo. Wengi wetu tukisikia neno makumbusho tunaona nyumba yenye ukimya, kabati za vioo na kikaratasi kinachokataza kugusa. Lakini Kiswahili chenyewe hakikutaja nyumba. Kimetaja tendo la kukumbusha, na tendo hilo lina watu wawili, anayekumbusha na anayekumbushwa. Lionja ni kata ya Wilaya ya Nachingwea, na mtu anaweza kudhani historia yake inakoma pale kata inapokoma. Haikomi. Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea mpaka ilipomegwa kuwa wilaya mwaka 1995, na waliozikwa kabla ya hapo walizikwa bila kujua kwamba makaburi ya ukoo mmoja yangekuja kuwa katika wilaya mbili.

Kwa nini majina kwanza? Kwa sababu vitu vimeondoka. Historia ya kusini-mashariki ya Tanzania, ukiitazama kwa jicho la mtunza makumbusho, ni historia ya mizigo inayoshuka pwani. Katika karne ya 19 misafara ilishusha Lindi na Kilwa Kivinje pembe za ndovu, sandarusi, mpira wa msituni, na watu waliofungwa minyororo. Walipokuja Wajerumani mizigo ilibadilika sura tu. Mwaka 1906, moshi wa Vita vya Majimaji ukiwa haujatulia, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alitua Lindi, akapitia Nyangao na Masasi mpaka Newala, akinunua vinyago, ngoma, silaha na vyombo vya nyumbani, akipiga picha, akinasa nyimbo kwenye silinda za nta na hata kuchukua filamu. Mwaka huohuo mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, alikutana na mifupa mikubwa ajabu katika kilima cha Tendaguru, na kati ya 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin ulioongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig ukachimba na kusafirisha zaidi ya tani 200 za mifupa hiyo. Hapakuwa na gari. Ilibebwa na wapagazi kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Mjusi wa kale, dinosaria, aliyeundwa kwa mifupa hiyo amesimama Berlin akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, hali jina la msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, hulijui mpaka uwe umeitafuta mwenyewe historia ya uchimbaji ule. Tendaguru iko upande wa Lindi, si Lionja, na sitaki kuivuta kwa nguvu. Naitaja kwa kuwa inaonyesha utaratibu uliokuwapo: kitu kilikwenda, na pamoja na kitu zikaenda daftari za kukielezea. Wenyeji wakabaki na kilima na jina la kilima.

Kisha zikaja karanga. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa bado inakula kwa mgao baada ya vita, na ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, pamoja na wenzake wawili kukagua ardhi. Ukaguzi ulichukua wiki chache, sehemu yake wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege. Mpango uliochapishwa mwaka 1947 ulikusudia ekari zaidi ya milioni 3.2 katika mashamba makubwa 107, kila moja ekari 30,000. Kati ya hayo, 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini. Piga hesabu: ekari 1,650,000, zaidi ya nusu ya ndoto nzima, ziliwekwa huku, na Nachingwea ikawa makao. Watu wakiitaja kashfa ya karanga hutaja Kongwa, kwa kuwa kazi ilianzia Kongwa na aibu ikaonekana Kongwa kwanza; kwenye karatasi, mpango ule ulikuwa wa kusini. Kwa ajili yake bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara, na reli ikatandazwa hadi Nachingwea. Januari 1951 serikali ya London ikakiri kwamba mambo hayawezekani, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Treni iliendelea kupita kwa miaka kumi na ushei, ikitafuta mzigo, mpaka ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake kung'olewa. Hata reli, basi, ilibebwa.

Sasa tazama maswali ambayo habari hiyo imeulizwa. Waingereza waliuliza kwa nini karanga zilishindikana, wakapata majibu mengi: udongo unaokauka ukawa kama saruji, mvua isiyoaminika, visiki vya miti vilivyovunja majembe, vifaru vya kijeshi vilivyogeuzwa matrekta, haraka ya wanasiasa. Alan Wood, aliyekuwa afisa habari wa mpango huo, aliandika kitabu kizima mwaka 1950, na tangu hapo kisa hiki kimekuwa mfano wa darasani wa mradi uliopangwa na wasioijua ardhi. Ni maswali halali, lakini ni maswali ya mwenye fedha zilizopotea. Mtu wa Nachingwea ana maswali mengine. Pori lililofyekwa lilikuwa la nani, na lilikuwa linampa nini kabla halijafyekwa? Mshahara wa kwanza wa kibarua ulinunua nini: jembe, kanga, baiskeli, mahari? Nani alikuja kutoka mbali akaoa akabaki? Hayo hayamo katika hesabu za pauni milioni 36. Yamo, kama yamo popote, katika familia. Kipande kimoja cha kibarua, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, kikiwa kimesalia ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za kodi, kinaweza kutueleza mengi kuliko trekta zima lililooshwa na kupakwa rangi mbele ya ofisi. Kina jina la mtu na alama za siku alizofanya kazi. Mjukuu anaweza kukishika na kuuliza. Trekta atalipiga picha.

Mbali na namba za Waingereza kuna majina ambayo hayamo kwenye ramani. Kati ya 1973 na 1976 Operesheni Vijiji iliwakusanya Watanzania kwa mamilioni katika vijiji vya pamoja, na huku kusini kuhamishwa kulianza mapema zaidi katika maeneo ya mpakani kwa sababu ya vita vya ng'ambo ya Ruvuma. Waliohama waliacha mahame. Kiswahili kina neno hilo moja, lenye uzito wake, kwa mahali palipokuwa na watu na sasa hapana. Miembe mitatu iliyosimama katikati ya pori haikujipanda. Chini yake palikuwa na uwanja uliofagiliwa kila asubuhi, na mwenye kumbukumbu atakuonyesha kisima kilikuwa wapi, jumbe alikaa upande gani, na mzee wa ukoo alizikwa chini ya mti upi. Mahame ndiyo makumbusho yaliyotapakaa zaidi katika wilaya hizi mbili, na hayana mlinzi wala kibao. Tena faida yake si ya kumbukumbu tu. Ruangwa leo inatajwa kwa madini ya kinywe, na mahali popote wapimaji wanapofika na vigingi, swali la nani alikaa wapi huacha kuwa hadithi ya jioni na kuwa jambo la haki.

Hapa mwanahistoria makini atanikatiza. Kumbukumbu za watu, atasema, hugeuka. Mzee husimulia alichokiona, alichokisikia na alichokisoma bila kuvitenganisha. Pingamizi hilo lina nguvu, na mfano wake bora umo ndani ya historia hiihii. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi na mwezi uliofuata vilikuwa vimeingia nchi ya Wamwera: misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa, na Askofu Cassian Spiss akauawa safarini upande wa Liwale. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kikiongozwa katika kazi hiyo na John Iliffe na Gilbert Gwassa, kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya ushahidi wa waliokuwa hai bado. Taifa lilikuwa na umri wa miaka saba tu. Lilikuwa linatafuta mababu wa umoja wake, na likawapata: Kinjekitile wa Ngarambe na maji yake yaliyovuka mipaka ya makabila. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake, ikaingia mashuleni, na tangu hapo ni vigumu kusema kama mzee anayesimulia habari za Kinjekitile anamkumbuka babu yake au anamkumbuka mwalimu wake wa Kiswahili. Miongo mitatu baadaye Felicitas Becker alikusanya masimulizi huku Lindi na Ruangwa, akaona picha nyingine: wakubwa wa mahali, wengi wao watu wa biashara, waliokuwa wakipigania nguvu zao zilizokuwa zinaporwa, na vita vilivyokuwa na sababu za kienyeji zaidi kuliko vitabu vya shule vinavyokubali.

Lakini tusidhani karatasi ni salama zaidi. Takwimu za Kijerumani ziliweka waliokufa katika Majimaji kuwa watu 75,000. Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hiyo haitokani na mzee mmoja kusahau. Inatokana na maafisa waliohesabu waliokufa wakati mashamba na maghala yalikuwa yamechomwa kwa makusudi ili njaa imalize kazi iliyoanzwa na risasi, njaa ile iliyopewa jina la fugufugu. Nani alikuwa porini kuhesabu? Basi tukubali kwamba mashahidi wote wawili, wa mdomo na wa maandishi, wanahitaji kuhojiwa, na kwamba makumbusho ni mahali pazuri pa kuwahoji mbele ya watu. Dawa ya kumbukumbu inayogeuka ni kuandika nani amesema, lini, wapi, na aliyasikia kwa nani. Kisha kuweka simulizi ya ukoo huu pembeni mwa simulizi ya ukoo ule, zikipingana zipingane. Kibao kinachosema "Watu wa upande huu wanasema hivi, wa upande ule wanakataa" kina uaminifu kuliko kibao chenye uhakika wa uongo. Mtoto wa shule akikisoma atajua historia inatengenezwaje, jambo ambalo mtihani haumfundishi.

Tawi la kusini la Makumbusho ya Taifa linaloshughulika na vita hivyo liko Songea. Lilianza mwaka 1980 na mwaka 2010 likawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Liko palipo na makaburi ya walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kila mwezi Februari watu hukusanyika hapo. Naliona kuwa mfano mzuri kwa sababu moja inayozidi majengo yake. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, ambaye kichwa chake kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Alikuwa na mahali pa kwenda. Kulikuwa na makaburi yanayojulikana, majina yaliyoandikwa, ukoo unaojua unadai nini. Sasa jiulize: angetaka kuwaomba radhi Wamwera, angekwenda wapi? Vita viliwachoma vilevile. Selemani Mamba alikuwa kiongozi mkubwa wa vita upande huo, na jina lake linafahamika na wasomi wa Majimaji kuliko na wanaosoma shule alikopigana. Songea ina kasoro zake, na iliyo kubwa ni kwamba simulizi yake imeegemea mashujaa wa kiume na mwisho wao mtini. Njaa iliyowaua wanawake na watoto wengi zaidi haina sanamu. Lakini ina faida ya kuwa mahali.

Njia ya pili ilionyeshwa na Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1967 kwa nyumba za jadi za makabila mbalimbali. Nyumba bila watu zilikuwa maganda tu. Tangu mwaka 1994 jamii zenyewe zimekuwa zikialikwa kuja kwa siku zao, na ngoma, chakula na maelezo yao, zikajieleza kwa vinywa vyao. Bujora, karibu na Mwanza, ilikokusanywa urithi wa Wasukuma kwa juhudi za Padri David Clement, imeishi kwa sababu kila mwaka ngoma za Bulabo huwarudisha watu uwanjani. Hapa naona jambo ambalo Lionja inaweza kulichukua bila kuomba ruhusa ya mtu. Makumbusho yanaweza kuwa siku kabla ya kuwa nyumba: baada ya korosho kuuzwa, watu wakiwa na nafasi na senti kidogo, shule ya msingi ikatoa uwanja na darasa moja, wenye picha wakaleta picha, wenye vipande wakaleta vipande, wanafunzi wakaandika, na jioni kila mtu akarudi na mali yake. Kinachobaki shuleni ni daftari na nakala. Simu ya mkononi inapiga picha nzuri kuliko mtambo wa Weule, na kitu kinarudi kwa mwenyewe.

Kuna pingamizi ambalo huja kimyakimya, na mimi naliheshimu kuliko yote: si kila jambo ni la kuonyeshwa. Jando na unyago vina mafundisho yanayotolewa kwa wanaostahili, kwa wakati wake, na thamani yake imo katika kutotolewa ovyo. Historia ya jirani zetu Masasi inatuonya. Vincent Lucas, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana na kisha askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, aliona kwamba kulikataza jando hakusaidii, akaliingiza kanisani: likapewa sala, likaondolewa asiyoyapenda, likabakizwa mengine. Kwa wavulana lilishika. Kwa wasichana ilikuwa shida tangu mwanzo, kwa kuwa mafundisho ya unyago ni mali ya wanawake wazee, na wanawake wazee hawakuwa tayari kumwachia askofu ufunguo. Nadhani walikuwa na haki. Makumbusho ya jamii yanaweza kueleza kwamba jando lilikuwapo, lilifanyika msimu gani, ngariba aliheshimiwaje, lilibadilikaje misheni na Uislamu vilipoenea. Mafundisho yenyewe yakabaki kwa wenyewe. Silinda za nta zilizokwenda Ujerumani mwaka 1906 hazikumuuliza mtu swali hilo.

Siri ni jambo moja, na aibu ni jingine, na wenye madaraka hupenda kuvichanganya. Farm 17 ina sifa zake zinazojulikana. Hapo Samora Machel aliandaa jeshi la FRELIMO. Hapo, kuanzia 1967, wasichana wa Kimsumbiji walifundishwa silaha, jambo lililowashtua wanaume wengi wa chama chao. Na katika maandiko ya Msumbiji jina Nachingwea hutajwa kwa heshima ya mahali taifa lilipofinyangwa. Lakini mwaka 1975, uhuru ukiwa mlangoni, wapinzani wa FRELIMO, akiwemo Uria Simango aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho, walisimamishwa Nachingwea mbele ya umati na kusomeshwa maungamo. Baadaye waliuawa Msumbiji bila mahakama. Makumbusho yatakayosimulia ushindi na kuruka kisa hicho yatakuwa tangazo. Vivyo hivyo kuhusu utumwa: misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876 na Askofu Steere pamoja na watu waliokombolewa kutoka utumwani, na kusini nzima ina koo ambazo asili yake ni waliouzwa na koo ambazo asili yake ni waliouza, zikiwa zimeoana tangu zamani. Wapo watakaosema kuyafukua hayo ni kuchochea ugomvi. Naona ugomvi unachochewa zaidi na minong'ono. Inawezekana kabisa kuieleza biashara yenyewe, njia zake, bei zake na masoko yake, bila kumwelekezea kidole mjukuu wa mtu yeyote. Na palipo na jina la ukoo, wenye ukoo waamue.

Lililobaki ni la fedha, na sitalipamba. Wilaya yenye upungufu wa madawati na maji haiwezi kuambiwa ijenge jumba la historia, na anayeahidi kwamba watalii watamiminika Lionja anawadanganya watu. Watalii wa kusini wakija hushuka Kilwa, kwenye magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Faida ya makumbusho ya Lionja itakuwa kwa Walionja kwanza, na ndiyo maana nimeshikilia kuanza na daftari. Kuna pia jambo la kisheria ambalo wachache wanalijua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo na vifaa vya kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye vinasubiri tamko la waziri. Pitia tena yote niliyoyataja. Misheni zilizochomwa ni 1905. Hata Ruponda, ambayo sikuitaja, ambako Wajerumani walikuwa na ghala lao katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ilitekwa Oktoba 1917, siku chache kabla ya mapigano makali ya Mahiwa. Tuta la reli ni la mwishoni mwa miaka ya 1940, Farm 17 ya wapiganaji ni 1965, mahame ni ya miaka ya 1970. Karibu historia yote ambayo mtu wa Nachingwea na Ruangwa anaweza kuionyesha kwa kidole imezaliwa upande usiofaa wa mwaka huo mmoja. Magofu ya masultani wa Kilwa yana sheria. Tuta la reli lina wachimba kokoto.

Kwa hiyo sioni sababu ya kusubiri. Kamati ya watu wachache, mwalimu wa historia, mwanamke mzee anayesikilizwa, kijana mwenye simu, imamu na katekista, inaweza kuanza msimu huu na swali dogo: mahali hapa panaitwaje, na nani alipaita hivyo? Majibu yaandikwe kwa Kimwera na Kiswahili, na jina la msemaji na tarehe. Nakala moja ikae shuleni, moja ofisi ya kata, moja ipelekwe ng'ambo ya mpaka wa wilaya, Ruangwa, kwa kuwa majina hayakupigiwa kura mwaka 1995. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi treni ya kwanza ilipopiga honi Nachingwea anakaribia tisini sasa. Aanzwe yeye.